Radhi ya Baba Si Rungu



Wapendwa waamini, Injili ya Dominika ya 24 ya Mwaka A (Mt 18:21-35) inatuwekea mbele ya macho mtumwa aliyesamehewa deni la talanta 10,000, naye alipotoka nje akamkaba koo mtumwa mwenzake kwa deni la dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, na talanta moja ilikadiriwa kuwa sawa na dinari 6,000. Basi tupige hesabu. Yule mwenzake alidaiwa kazi ya siku 100. Yeye mwenyewe alikuwa amedaiwa kazi ya siku milioni 60, yaani zaidi ya miaka 164,000 ya kulima na kubeba mizigo bila kupumzika hata siku moja. Tumezoea kuihubiri Injili hii kwa majirani wasiosalimiana, kwa wanandoa walionuniana, kwa wanakwaya waliogombea uongozi. Leo napenda kuipeleka mahali ambapo mara chache inafikishwa: kwenye kiti cha baba, sebuleni kwake, mbele ya watoto wake.

Maana mtumwa yule yumo katika nyumba zetu. Asubuhi amegonga kifua kanisani akikiri kwamba amekosa, amepokea Ekaristi Takatifu, ametoa na zaka. Jioni, kwa kuwa kijana amekataa kusomea kazi aliyochaguliwa, au binti ameleta mchumba wa kabila lisilopendwa, anatamka maneno mazito: "Usinihesabu tena kuwa baba yako. Radhi yangu huipati." Amekwisha kumkaba koo.

Nasema wazi, nikijua kwamba baadhi ya wazee wangu hawatafurahi: baba Mkristo asiyejua kumwomba mtoto wake msamaha, na asiyepiga magoti kusali pamoja na watoto wake, ameiacha nusu ya ubaba wake njiani, hata kama ada ya shule imelipwa yote na paa la nyumba halivuji. Na ile kauli inayomlinda, kwamba mkubwa haombi msamaha kwa mdogo, haina utakatifu wowote. Ni kiburi kilichovishwa kanzu ya mila.

Tuanze na hiyo radhi. Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali, nao hawakukosea. Isaka na Yakobo waliwabariki wana wao kabla ya kufa, na Maandiko Matakatifu yanalitaja jambo hilo kwa heshima kubwa. Hakuna Mkristo anayepaswa kuidharau baraka ya mzazi wake. Ninachokipinga ni tabia ya kuigeuza baraka iwe rungu la kuning'inizwa ukutani, ili kila mtoto akitaka kufungua kinywa alitazame kwanza. Lugha yetu yenyewe imetuhifadhia hekima hapa. Radhi tunayoiomba kwa mzazi, na "niwie radhi" tunayomwambia mtu tuliyemkosea, ni neno lile lile, lililotujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kuridhika, moyo kuwa mweupe kwa mwingine. Basi radhi hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na baba anapokosa, huiomba kwa mtoto. Baba anayejidai kuwa mwenye duka pekee la radhi hajakielewa Kiswahili chake, sembuse Injili.

Mtume Paulo anawaagiza watoto wawatii wazazi wao (Efe 6:1-3). Aya hizo tunazijua kwa moyo. Zinatajwa harusini, kwenye sherehe za Kipaimara, hata misibani. Lakini aya ya 4, inayofuata pale pale bila hata kugeuza ukurasa, inawageukia akina baba na kuwakataza wasiwachokoze watoto wao mpaka wajae hasira. Wawalee kwa adabu na mafundisho ya Bwana. Kwa Wakolosai anaongeza sababu: watoto wasije wakavunjika moyo (Kol 3:21). Mtume anajua kwamba baba anaweza kumkosea mtoto, na kwamba kosa hilo laweza kuua kitu ndani ya mtoto. Jiulize, mpendwa msomaji: ni lini uliisikia aya ya 4 ikisomwa kwa sauti ya ukali ile ile inayosomewa aya ya 1?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, haikuliacha jambo hili kwa hisani ya mtu. Namba 2223 inafundisha kwamba wazazi wanaojua kukiri mapungufu yao mbele ya watoto watakuwa na uwezo zaidi wa kuwaongoza na kuwasahihisha. Namba 2227 inamtaka kila mmoja katika familia asichoke kusamehe makosa, ugomvi, dhuluma na kutojaliwa. Imesema kila mmoja. Baba hakuondolewa katika orodha hiyo kwa sababu ndiye aliyejenga nyumba.

Najua majibu yanayotolewa, maana nimeyasikia barazani, ofisini na katika vikao vya familia. (Ya kitubioni siyagusi, hayo yamefungwa.) Tuyatazame moja moja.

Jibu la kwanza ni heshima. "Padre, nikimwomba mtoto msamaha, kesho atanipanda kichwani." Ndugu yangu, mtazame baba wa Luka 15. Ni mwenye mali, ana watumishi, ana ndama aliyenona. Mwanawe amekwisha kumdai urithi angali hai na kuutapanya ugenini. Lakini mzee huyu anamwona kijana akiwa bado mbali, naye anakimbia. Mzee mzima, mwenye nyumba yake, anakimbia barabarani mbele ya watu! Kijana alikuwa ameandaa hotuba yenye kipengele cha kuomba kazi ya kibarua (Lk 15:19). Baba hakumwacha akifikie, maana alikwisha kuagiza vazi, pete na viatu. Jioni ile ile anatoka tena nje kumbembeleza mkubwa aliyenuna (Lk 15:28). Kwa siku moja baba huyu ametoka nje mara mbili kwa ajili ya watoto wawili, ilhali yeye hakuwa na kosa lolote. Ikiwa asiye na kosa alitoka nje, wewe uliyempiga mtoto kwa wizi ambao baadaye iligundulika hakuufanya, unangoja nini kitini? Karne 20 zimepita, wala hakuna aliyewahi kusema kwamba baba yule alipoteza heshima. Walioipoteza ni wale wanaoogopwa wakiwa hai, na wakishazikwa watoto hugombania kiwanja bila hata mmoja kuagiza Misa.

Jibu la pili ni mila. "Sisi Waafrika hatufanyi hivyo." Siamini kwamba babu zetu walikuwa wagumu kiasi hicho. Katika makabila yetu mengi kulikuwa na njia za kupatanisha mzazi na mtoto: wazee waliitwa, mnyama alichinjwa, watu walikula chungu kimoja, maneno mabaya yakatemwa na kufutwa. Walijua kwamba neno la laana likiachwa wazi linaoza na kunukisha ukoo mzima. Sisi tumeshika laana na kuiacha ibada ya kuifuta, kisha tunaiita nusu hiyo iliyobaki mila. Tena, mtu aliyebatizwa hupima mila kwa Injili, hapimi Injili kwa mila.

Jibu la tatu lina uzito zaidi, nalo linastahili kujibiwa kwa makini: kwamba msamaha ni ulegevu, na mtoto asiyekanywa ataharibika. Ni kweli kabisa kwamba baba asiyekanya ni baba mbaya. Kuhani Eli alijua maovu ya wanawe wala hakuwazuia, na nyumba yake ikaanguka (1Sam 3:13). Lakini kukanya na kusamehe havikuumbwa kuwa maadui. Aliyetuonyesha kwa uchungu mkubwa madhara ya kuvikosa vyote viwili ni Mfalme Daudi, na naomba tukae hapa kidogo.

Amnoni, mwana wa Daudi, alimnajisi Tamari, binti wa Daudi. Mfalme alikasirika sana (2Sam 13:21), basi. Hakumwadhibu mwenye kosa, wala hatusomi popote kwamba alimwendea binti yake kumfariji. Tamari akabaki ukiwa nyumbani mwa kaka yake Absalomu. Miaka miwili baadaye Absalomu akamuua Amnoni, akakimbilia Geshuri, akakaa huko miaka mitatu. Hatimaye baba akaruhusu arudishwe Yerusalemu, lakini kwa sharti: asiuone uso wa mfalme. Absalomu akakaa Yerusalemu miaka miwili mizima bila kuuona uso wa baba yake (2Sam 14:28). Fikirini: mji mmoja, jua moja, na mlango uliofungwa. Busu la mfalme lilipokuja (2Sam 14:33), ndani ya kijana kulikuwa kumekwisha kujengwa uasi. Vita ikapigwa, Absalomu akafa, na hapo ndipo Daudi alipolia kwa sauti, akitamani angekufa yeye badala ya mwanawe. Mapenzi yote yale yalikuwamo moyoni; yalitoka wakati wa mazishi.

Ni akina Daudi wangapi tunao? Mtoto amerudi nyumbani, analala chumba chake, anakula mezani, lakini hauoni uso wa baba. Anasemeshwa kupitia kwa mama: "Mwambie mwanao azime taa." Huo si msamaha. Ni kifungo cha nyumbani. Na kuhusu Tamari, naomba nieleweke vizuri, maana kuna watu watakaoyachukua maneno yangu na kuyapinda. Kumtaka mtoto asamehe hakumaanishi kumziba mdomo. Nyumba ambamo mtoto ananajisiwa au anaumizwa, kisha anaambiwa "msamehe tu, ni baba yako, usiiaibishe familia", haisamehi. Inaficha uhalifu, na kuutumia msalaba wa Kristo kama pazia. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na katika vituo vya polisi kuna madawati ya jinsia na watoto. Pelekeni mambo hayo huko. Msamaha wa kweli huanza na ukweli kusemwa, na mtoto kuwa salama kwanza.

Sasa tuzipime zile dinari 100. Kosa ambalo akina baba wengi hulihesabu kuwa halisameheki ni la binti kupata mimba angali shuleni. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Lango la shule likafunguliwa. Lakini iko milango ya sebule za Wakatoliki, yenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu juu yake, ambayo haijafunguliwa hadi leo. Binti amefukuzwa usiku, yuko kwa shangazi, na mama humpelekea unga kwa siri kama mtu anayeiba. Baba anasema ametiwa aibu. Simtetei binti katika dhambi. Nayo dhambi ni dhambi. Nauliza tu: wewe uliyemfukuza, deni lako kwa Mungu ni talanta ngapi? Na yule kijana wako wa kiume aliyempa mimba binti wa mwenzako, ulimfukuza naye, au ulimpandisha basi aende mjini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hapa ndipo suala la sala linapoingia, na ndipo ugonjwa wote una mzizi wake. Baada ya kuwafundisha wanafunzi sala ya Baba Yetu, Bwana wetu alirudi nyuma kufafanua ombi moja peke yake kati ya yote, nalo ni lile la msamaha (Mt 6:14-15). Hakufafanua mkate, hakufafanua kishawishi. Alijua tutateleza hapo. Aidha alisema kwamba mtu akiwa amefika na sadaka yake altareni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka aende kwanza kupatana (Mt 5:23-24). Anayepaswa kuinuka na kwenda ni yule aliyelalamikiwa. Basi, mzee wangu, mwanao akiwa na neno juu yako, usimngoje aje. Altare inakuagiza wewe uende.

Mtu asiyesali hawezi haya, kwa kuwa hajawahi kuzoea kupiga magoti mbele ya yeyote. Na akina baba wetu wengi hawasali nyumbani. Nendeni kwenye mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo yoyote mkahesabu. Akina mama wamejaa mkekani na watoto mapajani. Wanaume ni wawili au watatu, na mmoja wao ni katekista. Rozari ya Oktoba inaongozwa na mama. Watoto wanafundishwa ishara ya msalaba na mama. Hata methali yetu imempa baba likizo: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba alikuwa wapi? Akiulizwa atasema alikuwa anatafuta riziki. Ayubu alikuwa na kondoo 7,000 na ngamia 3,000, naye alidamka alfajiri kutoa sadaka kwa ajili ya kila mmoja wa watoto wake, asije mmoja wao akawa amemkosea Mungu moyoni (Ayu 1:3-5). Bila shaka hatumzidi Ayubu kwa shughuli.

Kijana akimwona baba yake amepiga magoti, anajifunza jambo ambalo hakuna mahubiri yangu yatakayomfundisha: kwamba yupo aliye mkubwa kuliko baba, na kwamba baba naye huomba. Louis Martin, fundi saa wa Ufaransa, alifiwa na mkewe Zélie mwaka 1877 akaachiwa mabinti watano. Mdogo wao, Teresia wa Mtoto Yesu, alieleza baadaye kwamba ilimtosha kumtazama baba yake akisali ili ajue watakatifu husali namna gani. Louis na Zélie walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Huko Poland, Karol Wojtyła alifiwa na mama yake mwaka 1929, kabla hajafikisha miaka 9. Aliyemlea ni baba yake, askari mstaafu, na mtoto alikuwa akiamka usiku na kumkuta mzee amepiga magoti. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, akapigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, na tarehe 27 Desemba 1983 akaingia katika gereza la Rebibbia mjini Roma, akaketi na Mehmet Ali Ağca, mtu aliyetaka kumuua, baada ya kuwa amekwisha kumsamehe. Dunia nzima ilishangaa. Mimi sishangai sana. Mtoto aliyelelewa na magoti ya baba alijua msamaha unatoka wapi.

Wengine watasema: "Mimi si mtu wa maneno, Padre." Vema. Yusufu Mtakatifu hakuandikiwa hata neno moja katika Injili. Lakini Mtoto alipopotea Yerusalemu, Yusufu hakubaki njiani akisema "atajua mwenyewe". Alirudi pamoja na Maria, wakamtafuta kwa uchungu mpaka wakamwona siku ya tatu hekaluni (Lk 2:41-50). Mkimya anaruhusiwa kuwa mkimya. Asichoruhusiwa ni kuacha kumtafuta mtoto.

Naomba basi mambo matatu kwa kila baba asomaye, na kila mama amsomee asiyesoma. Kwanza, wiki hii ongoza wewe sala ya jioni nyumbani kwako, hata kama unajua Baba Yetu na Salamu Maria tu; zinatosha. Pili, kabla ya sala hiyo, kama kuna mtoto uliyemkosea, mtaje kwa jina na umwambie kosa lenyewe, bila "lakini": "Mwanangu, nilikutukana mbele ya wageni. Niwie radhi." Usimwombe msamaha kwa ujumla ujumla kama mwanasiasa. Tatu, kama uliwahi kutamka laana juu ya mtoto, iondoe kwa mdomo ule ule uliotamka. Kama yuko mbali, simu ipo. Kama hapokei, mtume mtu. Kama amekwisha kufa, njoo uombe Misa kwa ajili yake, na usamehe pale kaburini.

Nanyi watoto mliokosewa, ambao baba zenu hawajaja na huenda wasije: Katekisimu inatukumbusha kwamba si katika uwezo wetu kutokuhisi jeraha wala kulisahau, bali moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu hugeuza jeraha liwe huruma (KKK 2843). Chukueni muda wenu. Mungu hawakabi koo. Lakini msije mkairithisha kwa watoto wenu laana mliyorithishwa, ikomee kwenu.

Wapo watakaosema kwamba nimewavua akina baba nguo mbele ya watoto. Hapana. Nimewaomba wavue viatu, kama Musa, kwa kuwa sebule yenye mtoto anayesubiri kusamehewa na baba anayehitaji kusamehewa ni mahali patakatifu.

Mungu Baba, ambaye ubaba wote wa duniani unatoka kwake, awape akina baba wa parokia yetu magoti yanayokunja na mdomo unaojua kusema "niwie radhi". Nawatakieni nyote Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo.